Jina Linalonyolewa Ijumaa

Asubuhi ile Gulandam alikuwa na vyungu viwili jikoni, kimoja cha mchuzi wa dengu na kimoja cha wanga wa kupaka karatasi, na kama ilivyokuwa desturi yake alionja kile kisicholiwa. Akatema uani, akasukutua, akarudi kwenye mkeka wake karibu na dirisha. Juu ya goti alikuwa na ukurasa wa mwisho wa diwani ya mashairi ya mapenzi iliyoagizwa na liwali wa Shiraz. Kitabu kilitakiwa Nairuzi, siku ya mwaka mpya. Mkomamanga wa uani ulikuwa bado haujachipua, kwa hiyo wakati ulikuwepo, ila si wa kuchezea.

Mtaa ule wa nyuma ya Msikiti wa Ijumaa ulikuwa mtaa wa vitabu, na kila nyumba ilitengeneza kitabu kizima kama nyumba za kwingine zinavyotengeneza jibini. Mke aliandika, mume alichora, binti alitia dhahabu, mwana wa kiume alijalidi. Kitabu kikishakamilika kilitiwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mwenye ndevu. Jina lilikaa mwisho kabisa, chini ya ubeti wa mwisho, pamoja na maneno ya kujidhili yanayotakiwa na adabu: ameandika haya mja fakiri, dhaifu, mwingi wa dhambi, fulani bin fulani, Mungu amsitiri. Mtaa mzima uliona ni sawa, na jua lilichwa na kucha.

Kwa Gulandam mwenye ndevu alikuwa Ustadhi Kiwam. Mume mwema, msimsingizie: hakupiga, hakutia chakula kasoro, na farasi aliowachora walikuwa na nyonga ambazo hata wauza farasi walizisifu. Lakini mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino. Hata lile jina lake la mwisho wa kitabu, pamoja na ufakiri wake wote na dhambi zake zote, aliliandika mkewe. Watu walipokuja kumsifu kwa khati nzuri aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu uleule aliokuwa ameandikiwa.

Khati ya Gulandam ilikuwa na usumbufu wake, na watu wa nyumba walishauzoea. Akinakili mashairi ya mvinyo, harufu ya mvinyo ilifika hadi kwa jirani, na jirani alikuwa mwadhini. Ikabidi ayanakili mwadhini akiwa safarini au ameshikwa na mafua. Akinakili mashairi ya utengano, unga haukuumuka, kwa hiyo hayo aliyawekea siku za kununua mkate sokoni. Akifika kwenye mashairi ya majira ya maua, Mahrukh bintiye aliamka akafagia mawaridi chumbani kabla ya kifungua kinywa, akayapeleka kapuni kwa wakamua marashi. Wale watu walinung'unika kwamba mawaridi ya mashairi hayadumishi harufu kama ya bustani, lakini waliyapokea.

"Baba Mahrukh," Gulandam alisema bila kuinua macho, "hiki nitakitia jina langu."

Ustadhi Kiwam alikuwa akiosha brashi zake. "Ulitie wapi?"

"Mwishoni. Pale unapokaa wewe."

Ustadhi alicheka, wala hakucheka kwa ubaya. "Mama Mahrukh, watu wakisoma jina la mke wangu watajua nimekufa. Watakuja na halua ya matanga."

"Wakija nayo tutaila."

"Na baraza la liwali je? Wanaume wote wale walitaje jina lako mchana kweupe?"

"Kazi ya mkono wangu wanaipapasa miaka nenda miaka rudi. Jina ndilo litawaunguza?"

"Kitabu kijacho, basi."

"Kijacho uliniahidi Mahrukh akiwa hajaota meno," alisema Gulandam. "Sasa macho yangu yanaona nukta mbili palipo na moja. Hakuna kijacho."

Hilo lilikuwa kweli. Vitabu vya mkono wake vilikuwa vimesafiri hadi Istanbul na Bara Hindi, na katika vyote hapakuwa na mahali hata pa upana wa punje ya mpunga ambapo mtu angejua kwamba Gulandam aliwahi kuishi. Jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma akikanda unga na lilimuuma akisali, na alikuwa amechoka kuumwa nalo. Kwa hiyo Ustadhi alipotoka kwenda kutafuta rangi ya buluu, Gulandam alichovya kalamu ya mwanzi, akaandika: ameandika haya mja fakiri, dhaifu, mwingi wa dhambi, Gulandam binti Rustam. Akampa Mahrukh ukurasa.

Mahrukh alisoma. "Mama."

"Naam."

"Baba ameliona hili?"

"Baba yako hajawahi kusoma ukurasa wa mwisho tangu anioe. Anajua kilichomo."

Mahrukh alifanya kazi yake kama siku zote: akayazungushia maneno mstari mwembamba, ukipanda na kushuka pamoja na herufi mpaka kila mstari wa maandishi ukawa umekaa ndani ya wingu jeupe, kisha kila kilicho nje ya wingu akakijaza dhahabu. Dhahabu ikishakauka na kusuguliwa kwa jiwe la akiki haitoki ila na karatasi yake. Kila mtu wa mtaa ule analijua hilo, na Mahrukh alilijua. Wingu la jina la mama yake alilisugua kwa muda mrefu kuliko mawingu mengine yote ya kitabu.

Kabla ya Nairuzi akaja Mirza Ataullah, mtunza vitabu wa liwali, kukagua kazi. Alikaribishwa tende na mkate, akaketi, akafungua. Aliwaangalia wale farasi kwa furaha. Kwenye ukurasa fulani wa utengano alipangusa jicho, na mkate aliokuwa nao mkononi ukawa mgumu, akauweka kando. Alipofika mwisho akasoma kwa sauti, kwa mazoea tu.

"Gulandam binti Rustam," akarudia. "Ustadhi, huyu nani?"

"Mke wangu," alisema Ustadhi Kiwam, ambaye uso wake ulikuwa umeshakuwa rangi ya wanga.

"Ameandika nini?"

"Hapo... hapo ameandika jina."

"Na kabla ya jina?"

Nyuma ya pazia Gulandam akamjibia mumewe. "Kabla ya jina ameandika kitabu, Mirza."

Mirza Ataullah alitafuna tende mpaka kokwa. "Najua, bibi. Nani asiyejua? Mama yangu mzazi alikuwa wa mtaa huu huu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kukiandika ni kingine." Akafunga kitabu kwa heshima, akalibusu jalada lake la ngozi kama anavyobusiwa mtoto wa watu. "Likwangueni," alisema, akaenda zake.

Ustadhi Kiwam alikinoa kisu cha kuchongea kalamu. Hasira hakuwa nayo, alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hunoa kisu sana. "Mama Mahrukh, umenivua kilemba mbele ya watu."

"Sikukugusa kilemba. Nimejifunga ushungi wangu tu."

Akalikwangua jina, akapalainisha kwa akiki, pakawa peupe. Kisha akamwomba mkewe aandike pale jina la Kiwam. Gulandam alimjibu kwamba mkono wake umechoka, na ni haki uchoke. Ustadhi akajaribu mwenyewe, lakini wingu lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha jina la Gulandam, na herufi zake za kuku zikatoka nje zikapanda juu ya dhahabu. Akazikwangua na hizo. Wingu likabaki tupu, na nyumba nzima ikala mchuzi wa dengu.

Asubuhi jina lilikuwa limeota. Lilikuwa jembamba, kama ndevu za kijana zinazoanza. Ustadhi alikuwa kando ya kidimbwi cha uani akijinyoa mashavu. Akatazama kitabu, akatazama wembe, akaona maji ya moto yapo. Akajinyoa yeye, kisha akalinyoa jina. Tangu siku hiyo neno kukwangua halikutumika tena katika nyumba ile. Kesho yake liliota nene zaidi, kama kitu chochote kinachonyolewa.

"Mama Mahrukh," alisema asubuhi moja, povu likiwa bado shavuni, "lizuie jina lako."

"Nimelizuia maisha yangu yote, Baba Mahrukh. Sasa limenizidi nguvu."

Alisema hivyo akicheka, na Ustadhi akatambua kwamba zilikuwa zimepita nyakati nyingi bila kumwona mkewe akicheka kwa meno yote. Akakaa juu ya ukingo wa kidimbwi na wembe wake. Kwa kweli alipendeza akicheka.

Halafu vikaanza vitabu vya zamani. Muuza vitabu wa soko kuu alibisha hodi akiwa na kitabu kwapani. "Ustadhi, samahani, kitabu chako kimeota mke." Akafunua mwisho. Jina la Kiwam lilikuwa limelegea na kusogea pembeni, kama jino la utoto linalosukumwa na la ukubwani, na chini yake lilikuwa linachomoza la Gulandam, jeusi, lenye afya. Muuza vitabu alitaka kujua kitu kimoja tu, kama ugonjwa huo unaambukiza vitabu vya rafu moja. Wakati wanazungumza jina la Kiwam likaanguka zuliani, Mahrukh akaliokota na kuliweka juu ya dirisha, kwa kuwa ni la baba yake.

Na ulikuwa unaambukiza. Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Waume wa mtaa walimwona Ustadhi Kiwam ananyoa kitabu, wakaanza kulowesha vyao mapema, lakini maji yaliyasaidia majina kuota. Likaota la mke wa mchoraji wa mkabala. Likaota la binti wa fundi wa karatasi, aliyetia dhahabu mawingu ya misahafu minne akiwa na homa. Kwa mjalidi likaota jina la bibi mmoja aliyekufa zamani sana, ambalo hata wajukuu walikuwa hawalijui kwa kuwa nyumbani aliitwa Bibi tu. Walikisogeza kitabu kwenye mwanga wakalisoma kwa zamu, hata wadogo.

Siku ya wanawake hamamuni, kwenye bafu la umma la mtaa, palikuwa hapatoshi. Wake wote wa mtaa walikuwamo, wamejipaka hina vidole vyenye wino, na kila anayeingia aliulizwa kabla hajavua kitambaa.

"Limeota?"

"Limeota, dada, tena nene."

"Mimi langu," alisema Bi Gauhar, mke wa mwadhini, aliyekuwa akinakili vitabu kwa siri kwa ajili ya mchoraji mmoja asiyetaka kutajwa, "langu limeota ndani ya kitabu cha sheria, katikati ya mlango wa talaka. Mume wangu hali chakula."

"Mwache afunge, atapata thawabu."

Gulandam alipoingia walisimama, hata wale waliokuwa na sabuni machoni. Kwanza mmoja akapiga kigelegele, kisha mwingine, kisha hamamu lote, mpaka matone yaliyokuwa yananing'inia kwenye kuba yakashuka yote kwa pamoja. Wakammwagia marashi kichwani. Walimwita kwa jina lake, kila mmoja kwa zamu yake, Gulandam binti Rustam, Gulandam binti Rustam. Gulandam alilia na kucheka kwa wakati mmoja na hakuficha lolote kati ya hayo. Ilikuwa siku bora kuliko siku ya harusi yake, na alimwambia hivyo Ustadhi Kiwam aliporudi, na Ustadhi akakubali kwamba chakula cha harusi kile hakikuwa kizuri.

Nairuzi ikafika. Ustadhi Kiwam alikipeleka kitabu kwa liwali kikiwa kimenyolewa alfajiri, lakini baraza lilikuwa na hotuba nyingi, na mpaka kinafunuliwa ilikuwa adhuhuri na jina lilikuwa limeshachomoza. Liwali alikuwa mtu wa haraka. Alitazama jua la dhahabu lililochorwa kwenye ukurasa wa kwanza, ambamo Mahrukh alikuwa ameliandika jina la liwali na sifa zake zote, akaridhika. Kisha akafunua mwisho.

"Hiki nini?"

Mirza Ataullah akamweleza. Liwali hakushangaa. Alikuwa ametawala miji mingi na alikuwa ameona vitu vingi vikiota mahali pasipotakiwa. "Kinachoota kinanyolewa," alisema. "Mbona mnanisumbua? Si nina kinyozi?"

Kinyozi alikuwepo, jina lake Safar, mtu mpole mwenye mkono mwepesi. Akaamriwa kila Ijumaa, akishamaliza kumnyoa liwali, avinyoe vitabu, kitabu cha liwali kwanza na vingine vya mji baadaye. Ustadhi Kiwam akavishwa joho la heshima kwa khati yake nzuri. Watu walisema mashallah. Mirza Ataullah alisema pia, akitazama pembeni.

Ustadhi alirudi nyumbani na joho begani, akalilaza mapajani mwa mkewe. "Lichukue. Ni lako, na mimi najua ni lako."

Gulandam alilipapasa. Hariri nzuri, mshono wa hovyo. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia nini?"

"Kwamba unajua."

Ustadhi Kiwam alitazama uani. Nje mkomamanga ulikuwa umetoa majani mekundu madogo. "Ukikataa joho la liwali umekataa na shingo," alisema hatimaye.

"Basi livae," alisema Gulandam. "Mimi sikuomba nguo." Akalirudisha begani kwake, akamnyooshea kola, kwa kuwa ilikuwa imekaa upande. Alimkasirikia siku hiyo, na siku nyingine nyingi, lakini hasira yake haikumnyima usingizi. Jina lilikuwa linaota, akiwa macho au amelala.

Mambo yakachukua sura hiyo. Ijumaa Safar alinyoa, Jumamosi majina yakaota, na katikati ya juma yalisomeka hata na mtu aliyesimama mlangoni. Wanafunzi wa khati walikuwa wanaenda maktaba ya liwali Alhamisi alasiri, jina likiwa limekomaa, wakaweka kidole juu yake ili wapate mkono mzuri. Mirza Ataullah aliwaruhusu. Yeye mwenyewe alikuwa na kitabu cha mama yake sandukuni, na kwa hicho hakumwita kinyozi. Mahrukh sasa alitia jina lake katika kila wingu la kwanza, waziwazi, na kila Ijumaa lilinyolewa pamoja na ya wengine. Hakuna agizo lililobadilishwa. Katika vikao vya wanaume khati ile iliendelea kuitwa khati ya Kiwam.

Macho ya Gulandam yalizimika taratibu. Aliposikitikiwa alijibu kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, kisha aliomba asogezewe bakuli la lozi. Safar alijizoeza kupita kwake kila Alhamisi. Mara ya kwanza alikuja kuomba radhi, akisema yeye ni mtu wa kutumwa; baadaye alikuja kuleta habari tu, maana hakuna mtu mwingine mjini aliyelijua jina la Gulandam kama yeye. Alimweleza lilivyoongezeka unene, na jinsi mkia wa herufi ya mwisho ulivyoanza kujikunja kwa maringo. Gulandam alisikiliza na kusahihisha.

Kisha liwali akaondolewa, akaja mwingine. Liwali mpya alifanya linalofanywa na kila mrithi wa vitabu: aliamuru jina la yule wa kwanza litolewe kwenye jua la dhahabu la ukurasa wa kwanza, lake litiwe badala yake. Alipoelezwa habari za ukurasa wa mwisho, aliuliza kama kinyozi anafanya kazi vizuri, akaambiwa ndiyo, akasema aendelee. Ijumaa hiyo Safar alinyoa kitabu kimoja sehemu mbili, mwanzo na mwisho, kwa wembe uleule.

Alhamisi iliyofuata alipita kwa Gulandam. Mahrukh akamtandikia zulia.

"Lako limerudi, mama," alisema. "Tangu Jumamosi. Wembe wangu utaona cha mtema kuni."

"Na la yule bwana?"

Safar alifikiri, maana hakupenda kusema jambo asilolihakikisha. "La yule bwana halijarudi. Nimepatazama kila siku. Pamekuwa laini kama kisigino cha mtoto."

Gulandam alimhurumia kwa dhati. "Maskini," alisema. "Labda hakuliandika mwenyewe."

Mahrukh akaleta sharubati ya komamanga, Safar akanywa mpaka tone la mwisho, akashukuru. Halafu akaondoka mapema kwenda kunoa wembe, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Ijumaa.